Burudoni Haishi Rugenge

Kila nilichokijua kuhusu wadudu nilikisoma jioni, mgongo ukiniuma, kwenye fotokopi ya fotokopi. Mchana nilikuwa nabeba magunia pale bandarini Kalundu. Jioni navaa shati safi, nakwenda kwenye masomo ya watu wazima, darasa la watu hamsini na balbu moja, ambamo mbu walikuwa wamejiandikisha wengi kuliko wanafunzi na hawakukosa hata siku moja. Nilisoma hivyo muda mrefu kiasi kwamba mwalimu wa kwanza alistaafu, wa pili akafuga ndevu, na ndevu zikaota mvi. Mwishowe nikapata diploma ya Serikali. Siku hiyo nilitembea na ile karatasi Rugenge nzima nikisalimia watu, na watu walipokwisha nikasalimia mbuzi.

Mwalimu wa biolojia alikuwa na kitabu kimoja tu cha Kifaransa, na katika kitabu hicho panya walikuwa wamekula moyo, mapafu na figo. Sura pekee iliyobaki nzima ilikuwa ya mdudu anayeitwa bourdon. Sisi tulimwita burudoni. Basi mwaka mzima tulisoma burudoni. Hadi leo ukiniuliza ini linafanya kazi gani nitakudanganya, lakini burudoni ninamjua kwa moyo kama Baba Yetu.

Ni nyuki mnene mwenye manyoya, mweusi na wa njano, kama mtu aliyejifunga ngozi ya kondoo. Anakaa nchi za baridi. Malkia wake hulala peke yake chini ya udongo kipindi chote cha baridi, hali, hanywi, hakuna wa kumwamsha. Majira yakigeuka anaamka na njaa ya miezi, anazunguka chini chini akitafuta shimo ambalo panya amelihama. Akilipata anaingia humo bila kulipa garanti kwa mwenye nyumba. Anafinyanga kijungu cha nta, anakijaza asali ya kunywa siku za mvua, anataga mayai juu ya donge la chavua, kisha anayalalia kama kuku, akitetemesha misuli ya mabawa bila kuruka ili mwili upate moto. Watoto wa kwanza wote huwa wa kike, na ndio wanaofanya kazi. Wa kiume huzaliwa mwishoni, na shughuli yao ni kunywa utamu wa maua na kutafuta mke, halafu wanakufa. Hapo wanaume wa darasa letu walikuwa wanaangalia madaftari yao, wanawake wanacheka. Baridi ikirudi wanakufa wote, hata malkia mama, wanabaki malkia wachanga tu walioshiba, ambao nao wanaingia udongoni kulala.

"Mwalimu," mvuvi mmoja aliuliza, "hiyo baridi iko namna gani?"

"Ni kama kule juu milimani," mwalimu alijibu, "lakini bila bugali."

Jambo ambalo mwalimu hakutuambia, maana naye hakulijua, ni kwamba burudoni hayupo kwetu. Hajawahi kufika, hana hata shangazi huku. Sisi tuna mwingine kabisa, ambaye hana jina la heshima. Watu wanasema tu "lile linyuki leusi" na kuinamisha kichwa. Wengine watakuambia analingana na kidole gumba. Mimi nasema analingana na shomoro aliyeshiba. Mgongo unang'aa kama kiatu cha mchungaji siku ya Pasaka, na akipita karibu na sikio unasogea pembeni ukidhani ni pikipiki. Wa kwanza niliyemwona na diploma mfukoni alikuwa anazunguka kwenye nguzo za jiko letu. Nikamkazia macho, nikamtambua papo hapo, nikamwambia mke wangu: huyo ni burudoni. Sikusita hata kidogo. Diploma ilikuwa bado mpya.

Miaka miwili baadaye mke wangu alizaa mtoto wa pili, na mama mkwe akashuka kutoka Lubarika kumwangalia mzazi. Alifika kwenye pikipiki na gunia la mchele, kuku watatu, na maoni. Kuku tuliwala.

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa shamba, mfupi, mwenye mikono ambayo ikikushika mkono unasalimika kwa neema tu. Hakumaliza darasa la tatu. Lakini jicho lake linaona sisimizi akiwaza. Alipokea uongozi wa nyumba siku ile ile, akahamisha mafiga, akahamisha benchi la jikoni, mimi mwenyewe akanihamisha chumba.

Jirani yetu wa upande wa ziwa tunamwita Mama Mapasa, kwa sababu alizaa mapacha, na kwetu cheo hicho kikishaingia, jina la ubatizo linabaki kwa padri. Huyu ndiye mwoshaji wa watoto wachanga wa avenue yetu, ndio mtaa wetu. Mtoto akizaliwa, kabla hata baba hajaambiwa, Mama Mapasa ameshakunja kikwembe chake cha kiunoni, ameshaweka maji moto, anamkanda mtoto viungo na kumvuta pua. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa na kamba ya kitovu shingoni, ni yeye aliyeikata, mimi nikiwa darasani. Hapokei kitu. Na kila asubuhi, kwa mzazi, analeta sufuria ya uji wa soya na karanga, ule tunaouita buyi, mzito hata kijiko kinasimama chenyewe.

Siku tisa mke wangu alikunywa huo uji. Siku ya kumi, mama mkwe aliumimina kwenye sahani, akaiweka ipoe kwenye lile benchi alilolihamisha, chini ya boriti ya jiko. Aliporudi akakuta unga juu yake. Unga wa manjano, mkavu, kijiko kimoja hivi, umelala juu ya uji kama umenyunyizwa na vidole.

"Mukwe, kuya hapa," akaniita. Nilikuwa nafunga vifungo vya shati niende Kalundu. "Weye ulisoma. Angalia. Hii iko nini?"

"Iko unga, mama."

"Naona iko unga. Inatoka wapi?" Akainua macho kwenye boriti. Linyuki lilikuwa pale, linaingia na kutoka. "Haiwezi toka kwa ule?"

Nataka msomaji asimame hapa kidogo. Mwanamke wa darasa la tatu alikuwa ameshatoa jibu, na lilikuwa jibu sahihi. Kama ningesema "labda, mama", habari ingeishia hapo, uji ungemwagwa, benchi lingesogezwa. Lakini mtu akisoma mwaka mzima mdudu mmoja, halafu siku moja, mara moja tu katika maisha yake, akaulizwa habari za mdudu huyo huyo, na mama mkwe wake, utamzuiaje?

"Hapana, mama," nilisema. "Ule ni burudoni. Burudoni hatoboi mbao. Anakaa mu shimo ya panya, mu udongo. Anatengeneza nta."

"Sasa juu anafanya nini?"

"Anapumzika."

"Na unga haiko yake?"

"Kisayansi haiwezekani."

Mama mkwe akaitazama sahani, akaitazama sufuria ya Mama Mapasa, akafuta mikono. "Basi inatoka kwa muntu," akasema.

Neno hilo nililisikia kama unavyosikia redio ya jirani. Nikaenda zangu kazini, nikiwa nimefurahi sana. Njiani niliwaeleza hata wabeba magunia wenzangu kuhusu burudoni.

Kwa msomaji wa mbali, nieleze. Huku kwetu kuna kitu kinachoitwa karuho. Ni sumu ya watu, ile ya kwenye kikombe, ya chini ya ukucha, na ambaye hajawahi kuiona ndiye anayeijua zaidi. Kwa sababu hiyo anayekupa kinywaji hukionja kwanza yeye, mbele yako, kidogo tu, halafu anakupa. Ni adabu, inaitwa kutosha karuho, yaani kuiondoa. Lakini ni lazima mwenye kutoa afanye mwenyewe, bila kuambiwa. Ukimwambia mtu "onja", umeshamhukumu, imebaki kumzika.

Kesho yake asubuhi Mama Mapasa alikuja na sufuria yake kama kawaida. Mama mkwe alimngoja kwenye mlango wa ua.

"Onja kwanza," akamwambia.

Mama Mapasa akamtazama. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na mswaki mdomoni, na sikutoka. Akafunua sufuria, akachota kijiko, akala. Akachota cha pili. Akaendelea. Alikula sufuria nzima akiwa amesimama, bila haraka, uji wa watu wanne, akakwangua pembeni, akalamba kijiko. Kisha akabeba sufuria yake na kwenda.

Saa nne habari ilikuwa kwenye bomba la maji. Saa sita ilikuwa sokoni. Na mimi nilikuwa ndani yake, niko katikati kabisa, nimevaa koti jeupe. Maana hawakusema "bibi wa Lubarika anashuku". Walisema "Profesa alipima", na Profesa ni mimi tangu ile diploma. Habari ilipofika Kalundu, nilikuwa nimeupeleka ule unga maabara, mashine imepiga kelele. Mbebaji mmoja alinishika mkono kwa huruma na kuniuliza kama ni kweli mashine iliungua.

Nilikataa? Nilisema, "Bado tunachunguza." Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Juma hilo walizaliwa watoto wawili kwenye avenue yetu. Hakuna aliyekwenda kumwita Mama Mapasa. Mmoja alioshwa na nyanya yake mwenye mikono inayotetemeka, alilia hadi ng'ambo ya ziwa. Mama Mapasa alikaa mbele ya nyumba yake, kwenye kiti, anachambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa. Akisalimia, watu wanajibu huku wanatembea.

Mke wangu aliniita ndani. "Weye," akasema, mtoto alikuwa ananyonya, kwa hiyo alisema polepole. "Ile buyi nilikunywa siku tisa. Nimekufa?"

"Mama yako anasema karuho ya sasa inapewa tarehe. Inaweza ngoja hata Noeli."

"Usinisemee mama. Minye nakuuliza weye. Ule mama alikata kamba mu shingo ya mutoto wako. Weye ulikuwa wapi?"

"Mu masomo."

"Ya nini?"

Alijua vizuri ya nini.

Siku ya Alhamisi shefu wa avenue alikuja. Alikataa kinywaji, jambo ambalo katika maisha yake halijawahi kutokea. Alisema watu wamemlalamikia, wanataka Mama Mapasa ahame, na kabla mawe hayajaanza kuruka yeye anaona bora ahame kwa karatasi. Jumamosi ataita wakubwa wa nyumba zote. Anahitaji ripoti, kwa Kifaransa kizuri, iliyosainiwa na mtu mwenye diploma. Alilitamka neno "diploma" akinitazama kwa upole, kama mtu anayekukaribisha nyama.

Nilisema nitaandika. Sijisifu kwa hilo. Nilikuwa sijawahi kuombwa ripoti.

Ijumaa mchana nililiweka lile benchi mahali pale pale, chini ya boriti, kwenye kivuli cha jiko, nikafungua karatasi safi. Nilianza vizuri mno. Nilitumia neno "nonobstant", yaani licha ya, mara mbili. Nikafika kwenye neno "unga", poudre, nikaliandika kwa mkono mzuri, na juu ya neno hilo hilo, kabla wino haujakauka, ukaanguka unga.

Nikaupuliza. Ukaanguka mwingine.

Nikainua kichwa. Kwenye boriti, upande wa chini, kulikuwa na tundu la mviringo, zuri, kama limetobolewa na mashine. Ndani ya tundu kulikuwa na matako. Siwezi kulisema kwa heshima zaidi ya hapo. Linyuki lilikuwa linatoka kinyumenyume, linasukuma unga kwa miguu ya nyuma, na ule unga ulikuwa unaniangukia usoni, mimi mwenye diploma ya Serikali. Likimaliza linarudi ndani, unasikia krrr, krrr, kama mtu anatafuna ndagala wakavu. Halafu matako tena.

Mtu mwenye akili angechana ripoti hapo hapo. Mimi niliingia ndani nikatafuta daftari langu la biolojia, nikasoma sura yote kuanzia mwanzo kuhakikisha kama ninachokiona kinaruhusiwa. Hakikuruhusiwa. Nikarudi, nikaona tena matako. Basi nikaukunja ule unga kwenye karatasi na kwenda Kalundu kwa fundi wa boti.

Huyo ni mzee mmoja anayeunda boti za mbao, ziwa lilipopanda lilimfuata hadi karakanani mara mbili, akahama na vyombo vyake kichwani mara mbili, akitukana. Nilimfungulia karatasi. Akauchukua unga kwa vidole, akaunusa, akautupa.

"Mbao," akasema. "Ya mukaratusi. Nani anakutobolea?"

"Burudoni."

"Nani?"

"Lile linyuki leusi."

"Aa, fundi mwenzangu." Akaenda kwenye rundo la mbao mbovu, akatoa kipande cha ubavu wa boti ya zamani, akakipasua na shoka kwa urefu. Ndani kulikuwa na njia nyoofu, pana kama kidole, imegawanywa vyumba vyumba kwa kuta nyembamba za unga ule ule uliogandishwa. Kila chumba kina donge la njano, kama bugali kidogo, na juu ya donge mtoto mweupe, mnene, amejikunja, anakula.

"Ule mweusi iko mama," fundi alisema. "Hali mbao. Anatoboa na meno, unga anatupa inje, ingine anajengea ukuta. Chavua anapika bugali ya mutoto, anataga yai moja juu, anafunga mulango. Anaanza chumba ingine. Peke yake. Bwana yake iko ule wa njano, anayekaa mu mulango anakutisha. Ule hana hata mwiba. Ni makelele tu."

"Na shimo ya panya?"

"Panya gani?"

"Wanasema anakaa mu shimo ya panya."

Fundi akaweka shoka chini. "Nani anasema?"

Nilimwambia kitabu. Akauliza kama kitabu hicho kimewahi kufika Kalundu. Nikasema hapana, fotokopi yake. Alicheka hadi akakaa chini, akawaita wenzake, nikalazimika kueleza upya kuhusu baridi na nta na malkia anayelalia mayai kama kuku. Waliipenda sana hadithi hiyo. Mmoja alisema burudoni anaonekana ni mtu mwema, ni bahati mbaya tu hapati viza.

Nilirudi Rugenge kwa miguu, ili nichelewe. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kusema ukweli bila mimi kuwa mjinga, na nawahakikishia kwamba namna hiyo haipo, niliitafuta kilomita zote.

Jumamosi watu walijaa uani kwetu hadi wengine wakakaa juu ya ukuta. Shefu wa avenue alivaa kofia. Mama mkwe alikaa mbele. Mama Mapasa alikuja peke yake, akasimama karibu na mlango, mikono imefungwa kifuani, kama mtu anayengoja gari lililochelewa.

"Profesa, soma ripoti," shefu alisema.

Nikachukua msumeno. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini niliona kwamba nikianza kuongea nitajitetea. Nikapanda juu ya benchi, nikashika boriti, nikaanza kukata pande mbili za tundu. Kama ningekuwa nimesoma fizikia badala ya burudoni, ningekumbuka kwamba boriti ile ilikuwa inashikilia kitu. Kipande kilipotoka, nusu ya paa la jiko iliinama taratibu, kama mzee anayekaa, mabati matatu yakatua juu ya sufuria zetu. Mama mkwe hakusogea. Nadhani mabati yalimwogopa.

Nikakipasua kipande mbele yao. Vyumba vikaonekana, na bugali ya njano, na watoto weupe, na unga. Unga mwingi. Ukamwagika kwenye kiganja changu.

"Ndiyo huu," nikasema. "Uliokuwa mu sahani. Mama alisema inatoka kwa linyuki, minye nikakataa. Yeye alikuwa na haki. Sikupima kintu. Hakuna mashine. Niliona mu kitabu mududu mwengine, wa inchi ingine, nikasema ni huyu. Mama Mapasa hakutia kintu mu buyi. Muongo ni minye."

Halafu yule wa njano akatokea, bwana wa nyumba, akasimama hewani mbele ya pua ya shefu, anavuma kwa hasira. Shefu akavua kofia kumpiga.

"Usiogope, shefu, ule hana mwiba," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa nusu ya diploma yake. Wakati huo huo mama mwenyewe, yule mweusi, ambaye alikuwa bado ndani ya kipande nilichokishika, akanichoma kwenye kidole gumba. Mkono ulivimba ukawa kama tikiti. Wanawake juu ya ukuta walicheka machozi yakawatoka.

"Profesa, na huyo naye anapumzika?" mmoja aliuliza. Kumbe hata hilo lilikuwa limefika bombani.

Mama Mapasa peke yake hakucheka. Alikuja hadi mbele yangu.

"Siku ile ulisema mara moja," akaniambia, "na sauti ndogo, mu jiko yako, na watu wote bakasikia. Sasa umesema na sauti kubwa, na paa imeanguka. Tuone kama batasikia."

Akaondoka.

Alikuwa na haki ya kutilia shaka. Hawakusikia. Yaani walisikia, walicheka, walirudi nyumbani wakasimulia paa na kidole, juma zima walisimulia kidole changu, lakini mtoto wa tatu alizaliwa nyumba ya nne kutoka kwetu, na hawakumwita. Nilikwenda bombani na kile kipande cha boriti kwenye mfuko, nikawaonyesha vyumba, nikaeleza mama anavyotoboa, ukuta anavyojenga. Waliniambia, "Tumeelewa, Profesa." Kisha mmoja, mwenye huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Lakini mama mkwe wako, ameshakunywa kwa ule mama?"

Hapo nikaelewa. Neno langu lilikuwa limeanzisha, lakini halikuwa na nguvu ya kumaliza. Vilivyokuwa vinangojwa ni mdomo wa mama mkwe na kikombe cha Mama Mapasa. Na mama mkwe ni mtu ambaye, mimi nikiwa shahidi, aliwahi kujikwaa kwenye jiwe na kungoja jiwe liombe msamaha.

Nilimwambia. Akasema, "Minye siko na kiu."

Mke wangu alimwambia. Akasema hana kiu.

Siku nne hakuwa na kiu. Alifagia jiko la nusu paa, alifagia unga, maana lile linyuki lilikuwa limeshahamia boriti ya pili na linaendelea na kazi yake bila aibu. Nilimkuta mara moja amesimama chini yake, shingo juu, anaangalia matako yale yanavyosukuma. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Peke yake hivi?" akaniuliza.

"Peke yake, mama. Bwana yake iko kwenye mulango."

"Anafanya nini?"

"Makelele."

"Mm," akasema mama mkwe.

Kesho yake alikuwa arudi Lubarika, mpunga ulikuwa unamngoja. Mizigo ilikuwa tayari na pikipiki imeitwa. Alioga, akavaa kikwembe chake cha kanisa, akaniambia nibebe mtoto nimfuate. Sikuuliza wapi. Alipita njia ndefu, ile ya mbele ya bomba, saa ile wanawake wote wako pale na madumu yao, na akatembea polepole kuliko kawaida. Wakatuona. Madumu yakajaa, yakamwagika, hakuna aliyefunga bomba.

Mama Mapasa alikuwa kwenye kiti chake. Mama mkwe akaingia uani bila kupiga hodi, akavuta kigoda, akakaa, akageuza kigoda kidogo ili anayetaka kuona aone vizuri.

"Jua iko kali," akasema.

Mama Mapasa aliingia ndani. Alikaa humo hata nikadhani hatoki tena. Akatoka na kikombe cha uji wa moto, akakiinua kwenye midomo yake kukionja, kama inavyopasa.

Mama mkwe akanyoosha ule mkono wake wa shamba, akaufunika mdomo wa kikombe.

"Wacha," akasema. "Haina lazima."

Akakichukua, akanywa. Alikunywa bila kupumua, koo linapanda na kushuka, na kule bombani nina hakika walikuwa wanahesabu. Akakigeuza kikombe juu chini, likadondoka tone moja. Akakirudisha.

"Ongeza."

Mama Mapasa akaongeza. Wakakaa. Hakuna aliyesema samahani, na mimi sikuthubutu kukumbusha. Baada ya kikombe cha pili Mama Mapasa aligeuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi, akamtazama mtoto.

"Leta ule mutoto," akaniambia, anakunja kikwembe chake. "Nani anamwoshaka? Mu shingo iko maziwa ya juma nzima."

Nilimpa. Dereva wa pikipiki alikuwa anapiga honi kwetu, na mama mkwe akasema angoje.